Kumuaga Bwana Asahel Tuttle, Wakala wa Ardhi wa Marlow

Leo Jumamosi, tarehe 30 Oktoba 1841, Bwana Asahel Tuttle anakabidhi funguo za ofisi ya ardhi ya Marlow baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi. Wakubwa wa kampuni yenye ardhi wako Philadelphia na hawajawahi kuikanyaga Illinois. Kwa hiyo kwetu sisi yeye ndiye aliyekuwa kampuni, ndiye aliyekuwa serikali, na mvua ikichelewa alilaumiwa yeye.

Alianza kazi kwa kumvutia mpima ardhi mnyororo wa kupimia. Wakongwe hawajasahau alivyozama kinamasini hadi kifuani, ameinua ramani juu ya kichwa, mpaka akavutwa kwa ng'ombe. Ramani ilitoka kavu. Buti hazikutoka kabisa, na atakayeziokota aziwasilishe ofisini.

Mwaka wa theluji kubwa alifungua ghala la kampuni bila kuwauliza wakubwa, akagawa mahindi kibanda kwa kibanda. Hakuna aliyekufa njaa katika ploti zetu. Tunaomba hilo likumbukwe katika haya yanayofuata, ambayo Bwana Tuttle mwenyewe ameagiza yaandikwe. Mimi, Lemuel Crane, karani wake, nilimsihi tuyaruke, akakataa katakata.

Mwaka 1834 kaunti ilipiga kura kuchagua mji utakaojengewa mahakama. Bwana Tuttle alikuwa na ploti za Marlow za kuuza, na ploti bila mahakama ni majani tu. Huku kwetu kura si siri: mtu husimama mbele ya dirisha la wasimamizi wa kura, hutaja jina lake kwa sauti, kisha hutaja anachotaka. Bwana Tuttle alileta pipa la wiski na mapaja ya nguruwe, akaweka kiti chake kando ya dirisha lile. Hakumtisha mtu. Aliwaamkia, akawaulizia watoto. Lakini karibu kila mlowezi alikuwa analima shamba ambalo hajamaliza kulilipia, na kila vuli wakala ndiye aliyeamua nani aongezewe muda. Basi kila aliyefika dirishani alimtupia jicho yeye kwanza, ndipo sauti ikatoka. Ikawa Marlow, Marlow, Marlow, asubuhi nzima.

Akaja Obed Strunk, mtu wa maneno, mwenye shamba la matufaha kule mlimani. Hakutazama kiti.

“Obed Strunk. Nachagua Cedar Fork,” alisema. “Hapa Marlow ni kinamasi, mtawaapisha vyura.”

Watu waliangua kicheko, ila Bwana Tuttle. Marlow ilishinda, na Strunk naye hakukosea: kila majira ya kuchipua jaji wetu huingia mahakamani ameshika viatu mkononi, na mawakili hupaza sauti kuwashinda vyura.

Vuli ile walowezi wote waliongezewa muda isipokuwa mmoja. Shamba lilirudi kwa kampuni pamoja na nyumba, kisima na miti iliyokuwa imeanza kuzaa mwaka uleule. Strunk akawa kibarua kwenye kiwanda cha mbao cha watu, homa ikamchukua. Mkewe, Bi Tabitha, anafua mashuka ya hoteli hii tunamokula chakula leo. Aibu hiyo si ya wakala peke yake. Tulikula nyama aliyoileta siku ya kura, na siku Strunk alipopakia gari lake sote tulipata shughuli za ghafla.

Mwezi uliopita Philadelphia walileta zawadi ya kustaafu: hati ya shamba zuri, lenye mitufaha iliyokomaa. Walilichagua kwenye ramani, hawakujua wanampa nini. Bwana Tuttle alipoisoma aliiandika upya kwa jina la Bi Tabitha na kumpelekea uani mwa hoteli, kofia mkononi. Nilifuatana naye kama shahidi. Alisema amemletea haki yake, na angeshukuru jambo hilo likiishia pale pale uani.

Bi Tabitha aliendelea kukamua shuka.

“Mume wangu alitaja jina lake mbele ya kaunti nzima,” alisema. “Na wewe taja lako, useme ulichotufanyia. Vinginevyo, Bwana Wakala, kaa na karatasi yako.”

Shamba lile analitaka, nani asiyejua? Mikono yake imechubuka kwa sabuni, na baridi inakaribia. Lakini hati hakuigusa. Bwana Tuttle alirudi ofisini, akaniambia niandike kila kitu, nikisome kabla ya chakula cha leo. Kama yeye mwenyewe atasema, hakuniambia. Labda alitumaini kwamba nikiyasema mimi yatatosha. Nilimuuliza Bi Tabitha, na hayatoshi.

Basi, Bwana Tuttle, kwa mahindi ya mwaka wa theluji tunakushukuru, na kwa barabara, na kwa uvumilivu wako kwa mwandiko wangu. Tunakutakia uzee wenye afya na usingizi mtulivu. Bi Tabitha amekaa kiti cha mbele, na chakula kitasubiri. Simama, utaje jina lako.