Ukuta Uliorudishwa kwa Viganja

Tarehe thelathini Juni mlinzi wetu wa boma la kale la mawe anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Sisi humwita Polepole, na anajua kwa nini.

Alianza getini akikata tiketi. Baadaye akapewa kuwatembeza wageni, maana waongozaji waliokuwepo walikariri kama kasuku. Yeye humshikisha mgeni jiwe. Akiulizwa nani alijenga, hasemi majitu wala mashetani. Husema, "Watu kama wewe, mgongo uliwauma vivyo hivyo. Hawakuacha hata herufi moja, lakini tazama kazi yao." Fundi mmoja wa kale alichonga kwa mkono wa kushoto. Polepole alimtambua kwa alama za nyundo, na humwita shemeji.

Miaka minne iliyopita mvua iliangusha ukuta wa mashariki. Akayatandaza mawe mia nne nyasini, kila moja na namba yake ya chaki kuonyesha mahali pake ukutani, akaenda likizo. Mimi mfagiaji, macho haya yasiyosoma, nikadhani watoto wamechafua mawe ya wazee. Nikayasugua yote, nikayarundika vizuri. Yaling'aa!

Aliporudi alikaa chini, akashika kichwa. Nikangoja matusi. "Dada," akasema, "umefua mpaka kumbukumbu." Mkubwa wa ofisi alipouliza, alijibu kuwa kosa ni lake, hakuyafunika.

Mkubwa akataka saruji imwagwe, mambo yaishe. Polepole akagoma: wajenzi wenyewe walipanga jiwe juu ya jiwe, kikavu, bila kitu cha kugandisha, nasi tutapanga hivyo. Akapewa mpaka siku ya kustaafu. Ukuta ukiwa bado, saruji.

Basi akawa anapapasa kila jiwe kama daktari anayetafuta mfupa uliovunjika. Lisipokaa, analitoa, hata mara kumi. Mimi nilimbebea, na nilimgombeza sana kwa kusahau kula. Nilikuwa na hofu, sikatai. Ukuta ule ungezibwa saruji kwa kosa la mikono yangu mimi.

Alhamisi iliyopita jiwe la mwisho lilikaa, halikutikisika. Akajifuta macho, eti vumbi. Vumbi gani, na ardhi ilikuwa imelowa chepechepe?

Saruji imerudishwa dukani. Asante, kaka. Kapumzike, mkeo naye akuone mchana. Ulinisitiri mbele ya wakubwa; Mungu akusitiri uzeeni, akupe miaka mingi yenye afya.