Marehemu Jumgalbek Sarykov na Milango ya Maji ya Ak-Tash

Ndugu waombolezaji, mimi Temirbolot, shemeji wa marehemu, nimepewa heshima ya kusoma haya kwa sababu yote niliyashuhudia kwa macho yangu, pamoja na kuzaliwa kwake, ambako nilichelewa kwa miaka kumi na mitatu tu.

Marehemu Jumgalbek Sarykov alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Ak-Tash, Kirgizia, akasoma hapa hadi mwaka 1968, akaingia chuo cha ufundi mjini Frunze, na tarehe 2 Agosti 1972 akaajiriwa kwenye milango ya maji ya bwawa letu, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mitano bila kuchelewa.

Mwaka 1976 alimwoa dada yangu Burulcha, wakajaliwa binti mmoja, Aichurek, tarehe 9 Mei 1979, naye mwaka 2001 akaolewa Gulzor, kijiji cha bondeni ambacho, tangu mipaka ichorwe upya, kilikuwa kimeshakuwa nchi nyingine. Harusini baba wa bwana harusi, mdomo umejaa nyama ya kondoo, alimtania marehemu, "Mkwe, binti tumechukua, sasa tuachie na maji ya pamba kiangazi," marehemu akamjibu, "Na wewe usinifungie gesi, dada yake huyu Temirbolot akishikwa na baridi hapiki," tukacheka sote, maana ndio uliokuwa ujirani wa nchi zetu, wao wameshika bomba, sisi tumeshika bwawa.

Januari 2008 wakubwa wa nchi zetu walishindwana bei, wa kule wakafunga gesi, baridi ikafika nyuzi thelathini chini ya sifuri, hospitalini kwetu wazazi wakalala na vichanga vyao chini ya mazulia, na tarehe 19 ikaja amri kutoka mji mkuu, milango yote ifunguliwe, mitambo itoe umeme. Marehemu alijua mto wa bondeni umeganda, maji yatapanda juu ya barafu na kuingia Gulzor, akaitia amri mfukoni, akanituma mbio posta nimpigie Aichurek, akasema hagusi mlango bila neno la mwanawe. Nilirudi na neno hili, "Baba, fungua, watoto wa huko wasife kwa baridi, sisi tunahamia mlimani sasa hivi." Akafungua.

Umeme ulirudi saa kumi jioni, maji yakaingia Gulzor alfajiri, Aichurek akafariki pamoja na mwanawe Jasur wa miaka minne, mpaka wa nchi ukafungwa, marehemu akasimama kwenye kizuizi cha mpakani siku tatu na mkate wa matanga kifuani, akarudi nao. Tarehe 3 Aprili wakubwa walitia saini, maji kwa gesi, wakapigwa picha.

Hakurudi kazini tena, moyo ukamsumbua, akalazwa mara tatu, akafariki tarehe 6 Novemba 2019, saa tatu asubuhi. Tunawashukuru madaktari, majirani mliosimamisha hema hili na kuleta kuni, na wenzake wa bwawani mliochimba kaburi kwenye ardhi iliyoganda.

Miaka yote hiyo aliniomba nimrudie maneno ya mwanawe, nami nikaongeza kidogo kila mara, leo kicheko, kesho kikohozi. Ndugu zangu, siku ile laini ya bondeni ilikuwa imekatwa, sikuzungumza na mtu, nilipita hospitalini nikasikia vichanga vikilia, nikayatunga yale maneno njiani.

Pumzika kwa amani, shemeji, na ukimkuta Aichurek huko, mwambie ile sauti uliyoidhani yake ilikuwa yangu.