Mstari wa Chaki wa Mama Vifungo

Mgeni rasmi, Meneja Mkuu wa kiwanda cha nguo, pamoja na daktari wetu na wauguzi: karibuni sana. Mabenchi uliyotununulia tumeshayakalia. Hayana misumari ya kurarua sketi, na kwa hilo tu tunakushukuru.

TULIKOTOKA
Sisi ni wagonjwa wa kifafa na jamaa zetu, watu thelathini na mmoja. Tulianza sita, tukijibanza nyuma ya chumba cha sindano majirani wasituone. Leo tunakaa barazani, na anayetaka kututazama atutazame mpaka achoke.

TULICHOJIFUNZA
Tuna mwenzetu mshonaji, tunamwita Mama Vifungo. Kifafa kilipomzidi aliongezewa dozi, kuanguka kukakoma. Baada ya wiki mbili akaanza kupepesuka, ulimi mzito, kifungo kimoja anakiona viwili. Mgeni rasmi, aibu ni yetu. Sisi tunaomeza dawa hizo hizo tulimnusa mdomo! "Dada, umeanza kulewa lini?" Akalia, nasi tukamtoa kikundini.

Muuguzi ndiye aliyesema, "Hebu apimwe damu kwanza." Majibu yalikuja baada ya wiki tatu: dawa ilikuwa imezidi mwilini. Daktari akapunguza dozi, na siku ya tisa Mama Vifungo akatia uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza. Tulipiga magoti kumwomba radhi. "Inukeni bwana," akasema, "sakafu imedekiwa sasa hivi."

Tangu hapo tumechora mstari wa chaki. Kila mmoja anautembea kabla ya kupewa dawa. Anayeyumba anapelekwa kwa daktari, hanuswi.

CHANGAMOTO
Chaki inaonyesha miguu tu, damu haionyeshi. Wengine dawa huwavimbisha fizi, wakaogopa, wakaziacha ghafla, wakaanguka vibaya kuliko mwanzo. Dawa hizi ndizo zinazotuweka hai, hatuzikatai. Tunataka zipimwe.

MAOMBI
Tunaomba kipimo hicho cha damu kifanyike hapa hapa kliniki.

Ombi la pili ni lako peke yako. Katika zile wiki tatu za kusubiri majibu, Mama Vifungo alifukuzwa kiwandani kwako kwa ulevi. Barua ina saini yako. Majibu ya damu tumeyabana nyuma ya risala hii. Hatukuombi huruma, tunaomba arudishiwe cherehani yake, namba kumi na saba.

Mungu akulinde wewe na wote unaowaajiri.

Ni sisi, Kikundi cha Tumesimama. Aliyekusomea ni Mama Vifungo mwenyewe. Mstari wa chaki umeanzia hapa aliposimama na unaishia kwenye kiti chako. Anakuletea risala mkononi.