Mama Hapana na Josho la Kiruruma

Ni nani kati yenu mliokaa chini ya maturubai haya ambaye hajawahi kumwita marehemu Mama Hapana? Msiangalie chini, jina hilo alilijua, alilipenda kuliko lile la Daktari, na familia imeamua lisomwe leo pamoja na majina yake ya ubatizo.

Marehemu Dk. Auleria Kansiime Mutalemwa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 hapa hapa Kituntu, wilaya ya Karagwe, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mutalemwa na Mama Adventina, huyu mliyempa pole pale mlangoni, akabatizwa Desemba ya mwaka huo katika usharika wetu wa Kilutheri, ambako alilia ibada nzima mpaka mchungaji akasema, "Huyu mtoto hajaridhia."

Alisoma shule ya msingi hapa Kituntu kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akaendelea na sekondari, akamaliza kidato cha sita mwaka 1992, akapata shahada ya kwanza ya sosholojia mwaka 1996 na ya uzamivu mwaka 2008, na katika miaka yote hiyo hakuna likizo ambayo hakurudi kupalilia migomba ya mama yake, ingawa alilalamika tangu mgomba wa kwanza hadi wa mwisho.

Posa ya kwanza ililetwa na wajomba bila yeye kuulizwa, akaikataa mbele ya wageni, watu wakasema msomi kaharibika, kisha muoaji mwenyewe, Bwana Twesigye, kijana wa wafugaji wa Nkwenda, Kyerwa, akaja kumuuliza kwa mdomo wake, akajibiwa ndiyo siku hiyo hiyo. Walifunga ndoa tarehe 26 Juni 1999, wakajaliwa watoto wawili, Nuwamanya na Ainomugisha, ambao mnawaona hapa mbele.

Alianza kufundisha chuo kikuu mwaka 1997, na mwaka 2014 akateuliwa kuwa katibu wa kamati ya maadili ya utafiti, kazi ambayo wengi wenu mliitafsiri kuwa ni kukaa ofisini na kuzuia maendeleo. Kwa asiyejua, chuo kinapoomba ufadhili wa nje kwa utafiti unaohusu watu, kamati hiyo huuliza kwanza watu hao wataelezwa nini, watachukuliwa nini, na je, wanaweza kukataa bila kudhurika, na bila kibali chake mfadhili hatakiwi kutoa kitu.

Sasa tufike mwaka 2019, maana hakuna aliyekuja hapa akidhani tutauruka. Mwaka huo Dk. Gozbert, mwenzake wa chuoni na mzaliwa wa Ihembe, aliomba ufadhili wa kupima damu za familia za wafugaji wa Kiruruma na Kyerwa, kutafuta ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba na binadamu washikwe na homa isiyoisha, na ugonjwa huo upo, utafiti ulihitajika, marehemu mwenyewe alisema hivyo. Kasoro ilikuwa moja. Pale palipotakiwa kuonyeshwa kwamba watu wameridhia, iliandikwa kwamba kila nyumba iliwapokea watafiti kwa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, na kwamba kwa mila za hapa mtu akikupa akamwani ameshakukubalia.

Ninyi mnacheka. Hakuna nyumba hapa isiyompa mgeni akamwani, Mzee Mutalemwa alimpa hata yule bwana aliyekuja kumwambia kuwa anampeleka mahakamani kwa mpaka wa shamba, akatafuna, akashukuru, wakaonana mahakamani. Marehemu alirudisha ombi, akataka kila mtu mzima, mke kama mume, aelezwe kwa Kinyambo kwamba damu yake itasafirishwa nje na kuhifadhiwa huko, na kwamba anaweza kusema hapana.

Tangu hapo kilichojulikana vijijini ni kwamba ufadhili ulipotea, na kwamba Kiruruma ingejengewa josho la ng'ombe kama si wivu wa Auleria. Mama Adventina aliyekuwa akiletewa maziwa na wafugaji hakuletewa tena, kanisani benchi lake likawa na nafasi nyingi, na siku moja kisimani aliulizwa, "Mama, binti yako ng'ombe wetu wamemkosea nini?" Akampigia simu binti yake akilia, akitaka amwambie ukweli, naye akajibu, "Mama, mambo ya majalada ya kamati ni siri, nikiyatoa kwa ajili yangu sitakuwa tofauti na wanaovunja taratibu." Aliendelea kuja kila likizo, akipita Kiruruma kwa miguu mchana kweupe, akisalimia shikamoo kwa wasioitikia.

Aligundulika na saratani Mei 2023. Dk. Gozbert alimtembelea wodini Januari mwaka huu, akamwomba radhi kwa sauti ya chini, akaahidi kumwandikia mkuu wa chuo. Marehemu akasema, "Hapana. Mimi nilikuwa najua. Kawaambie wasiojua." Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, mkono wake ukiwa mikononi mwa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomweleza kila dawa kabla ya kumpa, maana asingekubali vinginevyo, na majirani mliochota maji, mkapika na kuchimba kaburi, pamoja na mliokuja kwa sababu ya aibu, chakula kipo.

Kwa wafanyakazi wenzake shukrani yetu ni kwa jambo lililotokea jana alasiri, na mliofika leo lazima muisikie. Dk. Gozbert alipoingia uani, wafugaji wa Kiruruma wakiwa wamekaa, Mama Adventina alimpelekea akamwani kama mgeni yeyote, akamwambia, "Pokea, mwanangu. Hii ni kahawa tu. Jibu langu bado hujapata."

Akashindwa kuitafuna. Alisimama nayo kiganjani, akavua kofia, akasema tukisikia wote: "Josho halikuwamo kwenye ombi. Niliwaahidi mimi, ili mnikubali. Auleria alinipa muda wa kurudi kwenu nyumba kwa nyumba, sikurudi, nikawaandikia wafadhili kwamba kibali kimetoka, na kilikuwa hakijatoka. Walipomuuliza akasema kweli, ufadhili ukaondoka, nikamsingizia yeye. Ni mimi."

Auleria, wameambiwa. Sasa pumzika.