Simameni, Nachukua Chuma Changu

Kijiwe cha nje ya gereji ya Vedasto, Karatu mjini, watu wanakiita Mahakamani, na jina limekikaa. Kuna benchi moja la ubao, birika la kahawa la Sylvesta juu ya jiko la mkaa, kashata kwenye sahani ya bati, na vumbi jekundu la magari ya watalii yanayokwenda Ngorongoro. Hapo ndipo watu wanapohukumiwa majina. Sadiki muuza spea alipewa Nati. Abdulwahabu mwenye duka la vifaa vya umeme akapewa Volti. Metui, dereva wa watalii asiyemaliza sentensi bila kutaja kreta, akapewa Krata. Hao majina yao wameyapenda. Nasrin lake alilichukia. Mwaka jana alipeleka Starlet yake kwenye mashindano ya magari madogo, kiwanja cha lami huko njia ya Makuyuni. Kona ya kwanza tu, akakata usukani, gari likakataa, likanyoosha mpaka kwenye matairi ya uzio. Kabla hajarudi Karatu jina lilikuwa limeshamtangulia: Moja kwa Moja. Wateja wa mikate yake wakamwita hivyo, makondakta wakamwita hivyo, hata mama mkwe wake alijisahau siku moja mbele ya wageni. Ukihukumiwa pale huna rufaa. Nasrin aliona njia moja tu ya kulifuta jina hilo, nayo ni kurudi kwenye kona ileile na kuipita. Mashindano yalikuwa Jumapili. Hiyo ilikuwa Ijumaa, watu wametoka kuswali, naye ameegemea mlango wa Starlet anasubiri mzigo wake kutoka Arusha.

— Moja kwa Moja! Njoo upate kahawa, — Nati aliita.

— Naitwa Nasrin.

— Nasrin ni la kwenye kitambulisho, dada yangu. Hapa kijiweni unajulikana.

Nasrin alipokea kikombe, akanywa. Alishajifunza kwamba kadiri unavyolikataa jina pale ndivyo linavyonona.

— Sasa tuongee kazi, — Nati akasema. — Mwaka huu dawa ni stabilaiza.

Hapo hakuna aliyembishia. Stabilaiza ni kile chuma kirefu kilichopinda, kinachopita chini ya gari na kushikanisha tairi la kushoto na la kulia, ili gari lisilale sana kwenye kona. Kuna ya mbele na ya nyuma. Kikiwa kinene, kinakaza zaidi. Ubishi wa pale ulikuwa mmoja: unenepeshe ipi?

— Mbele, — Nati alisema. — Hii gari inavutwa na tairi za mbele. Kazi yote iko mbele. Mtu akibeba gunia kichwani, unamkaza shingo au unamkaza kisigino?

— Shingo, — Sylvesta alijibu huku akimimina.

— Umeona! Hata muuza kahawa anajua. Ndiyo maana mwaka jana nilimfungisha nene ya mbele. Mwaka huu tumfungie nene kuliko ile.

— Na ile nene ya mwaka jana ilinipeleka wapi, kaka Sadiki? — Nasrin aliuliza.

— Mbele. Chuma kilifanya kazi yake. Wewe ndiye uliyetaka kwenda pembeni.

Walicheka mpaka benchi likayumba. Nasrin alihisi masikio yanapata moto. Huyu bwana alimpa ushauri, ushauri ukamtia kwenye matairi, halafu yeye huyohuyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kumbandika jina!

— Ero, Nati, hujui kitu, — Krata alidakia. Yeye ni Mmasai wa Loliondo, na akianza kueleza anasimama kama anaongea na wageni wake. — Nyati mbele ana shingo nene, sivyo? Umeshamwona nyati anakata kona? Hakati, anakupitia. Duma je? Shingo nyembamba, lakini anageuka na swala hapohapo, kwa sababu ya mkia. Gari ikazwe nyuma. Na tufunge gunia la mchanga kwenye buti.

— Mchanga wa nini?

— Mkia huo!

— Basi mtie na tairi la akiba na mama mkwe, — Nati alisema. — Mimi naona tuchomelee zote mbili, mbele na nyuma, gari isipinde kabisa. Samaki mkunje angali mbichi.

— Sasa hiyo methali inasema ukunje, wewe unataka isipinde.

— Usinifundishe methali, Krata, nenda kafundishe Wazungu majina ya ndege.

Volti muda wote alikuwa anatabasamu kama mtu mwenye siri nzuri. Yeye ndiye mwenye watu wake Arusha, na ndiye aliyejitolea kumwagizia Nasrin.

— Tulieni, — alisema sasa. — Mwenda pole hajikwai.

— Kaka, ni mashindano ya mbio, — Nasrin alimkumbusha.

— Hata kama. Uliniambia stabilaiza ya nyuma, kubwa. Nimekuagizia kubwa kuliko zote. Huyo anakuja.

Kweli, bodaboda alikuwa anakata kona kutoka stendi ya mabasi, boksi limefungwa nyuma yake kwa mpira. Nasrin aliweka kikombe chini. Boksi lilikuwa fupi, na moyo wake ulishtuka kabla hata ya kisu kugusa gundi. Chuma cha gari ni kirefu kuliko meza.

Volti alifungua mwenyewe, kwa madaha. Ndani mlikuwa na mashine ya bati jeupe, yenye mshale wa kupimia na waya wa kuchomeka ukutani.

Kijiwe kizima kiliinama kutazama.

— Hiyo, — Nati alisema polepole, — ni stabilaiza ya friji.

— Si ndiyo stabilaiza? — Volti alisema. Aliigeuza. — Na ya nyuma hii hapa, angalieni! Soketi zote ziko nyuma!

Yesu na Maria, kilichofuata si kicheko, ni maradhi. Krata alishuka chini akakaa vumbini. Sylvesta alimwaga kahawa kwenye kashata. Nasrin peke yake hakucheka. Chuma cha kweli kingetoka Dar, na Dar si ya kesho. Jumapili angefika kwenye ile kona na gari lilelile, lingemnyookea vilevile, na hilo jina angezikwa nalo. Aliwapa mgongo, maana pale ukilia unaongezewa jina la pili.

— Jamani, msiidharau hii mashine, — Volti alikuwa anajitetea, jasho linamtoka. — Ina akili kuliko nyie. Umeme ukipungua, inaongeza. Ukizidi, inapunguza.

Nasrin aligeuka.

— Rudia hapo, kaka Wahabu.

— Umeme ukipungua, inaongeza.

— Hapo mwisho.

— Ukizidi, inapunguza.

— Inapunguza, — Nasrin alisema. Akaanza kutembea mbele ya gari lake, huku na huku. — Tangu mchana mnaongea kuongeza. Ongeza mbele, ongeza nyuma, ongeza mchanga. Mbona hakuna aliyesema kupunguza?

— Upunguze nini sasa? — Nati aliuliza.

— Kabla ya chuma chako, Nati, hii gari ilikuwa inalala kwenye kona, lakini inakata. Nilikuwa natoka nayo kijijini Daa na mikate, pua naielekeza ninakotaka. Tairi za mbele tayari zina kazi mbili, kuvuta na kukata kona. Wewe ukanikazia mbele. Kwenye kona mzigo wote wa mbele ukaelemea tairi moja la nje, likashindwa, likateleza. Nyuma hakuna ubaya wowote. Mbele ndiko kumezidi!

Nati alichungulia chini ya gari.

— Vedasto! — Nasrin aliita.

Miguu ya Vedasto ilikuwa imetokeza chini ya pikapu. Nyundo ilinyamaza.

— Naam, dada.

— Ile stabilaiza nyembamba iliyokuja na gari, uliyoitoa mbele mwaka jana. Iko wapi?

Nyundo ilianza tena.

— Vedasto, umeiuza?

— Sijaiuza, dada. Imekaliwa.

— Imekaliwa na nani?

— Na hao.

Wote waliinama kwa pamoja. Chini ya benchi, upande alipokaa Nati, ambapo mguu wa mti ulioza zamani, kulikuwa na chuma kilichopinda, kimegeuzwa juu chini na kufungwa kwa mpira wa tairi. Mwaka mzima wamekikalia. Jina la Moja kwa Moja wamelitungia juu yake, na vicheko vyote vimepigiwa hapo.

— Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, — Nasrin alisema. — Changu kumbe kiko chini ya makalio yenu. Simameni.

— Dada Nasrin, — Nati alianza, — sasa sisi tutakaa...

— Simameni, nachukua chuma changu!

Walisimama. Benchi lilianguka upande mmoja kwa kishindo, na Nasrin, tangu apewe lile jina, akacheka kijiweni kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyegundua hata kwamba Nati alikuwa amemwita kwa jina lake.

Jioni ileile Vedasto alitoa kile kinene cha mbele, akarudisha chembamba. Jumapili Krata aliwabeba wote kwenye gari la watalii, paa juu, vichwa nje kama wageni wanaotafuta simba. Nasrin aliwaona kwa mbali, halafu hakuwaona tena, maana ile kona ilikuwa imefika. Matairi ya uzio ni yaleyale. Alikata usukani. Gari lililala, jamani, lililala mpaka mkanda ukambana kifua, na kwa kitambo kidogo aliamini amekosea na wao ndio waliokuwa sahihi. Kisha pua ikaingia. Iliingia ndani ya kona kama ng'ombe anayelijua zizi lake, na Nasrin akakanyaga mafuta huku anapiga kelele peke yake ndani ya gari: "Nimepita! Nimepita!" Aliipita kila mzunguko. Walipomtangaza Nasrin kuwa wa kwanza wa magari madogo, Volti alilia hadharani na hakuona aibu.

Jumatatu Mahakama ilikaa, ingawa kukaa kwenyewe kulikuwa kwa shida. Nati alichuchumaa. Volti alikalia boksi la stabilaiza ya friji. Nasrin alipewa kiti pekee cha gereji, na kikombe cha kwanza.

— Mimi nilisema mkia wa duma, — Krata alisema.

— Kama si chuma changu kinene, angejuaje chembamba kina kazi? — Nati alijibu.

— Siri ilitoka kwenye mashine yangu, — Volti alisema. — Tuje kwenye jina. La zamani limekufa. Napendekeza Kona.

— Mama Duma!

— Malkia wa Makuyuni!

— Refu mno hilo, watu wataishiwa pumzi!

Walibishana mpaka Sylvesta akainamisha birika, yakatoka matone matatu na machicha. Ndipo alipofika mama mmoja mwenye galoni la maziwa, mgeni machoni pa wote.

— Sopa, — alisalimu.

— Epa, yeyoo, karibu mama, — Krata alijibu. — Watokea wapi?

— Kakesio. Naitwa Resiato. Nimeambiwa hapa kuna dada anaoka mikate, ananunua maziwa. — Alimtazama Nasrin pale kitini. — Huyu anaitwa nani?

Nati alimtazama Volti. Volti alimtazama Krata. Krata, mtu asiyekosa maneno hata mbele ya simba, alitazama ndani ya kikombe kitupu.

— Naitwa Nasrin, — alisema Nasrin.

— Nasrin, — Resiato alirudia, akatua galoni. — Maziwa ni ya leo asubuhi, Nasrin. Onja.

Mahakama nzima ilisikia, na hakuna aliyekata rufaa.