Milka Nchagwa na Mguu wa Joyline

Mchungaji, wazee, watu wetu kutoka Isebania, majirani na marafiki, mimi ni Joash, mdogo wake Boaz, shemeji ya marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo wengine wenu hamtapenda.

Milka Nchagwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Isebania, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi 1998, akamaliza kidato cha nne Migori mwaka 2002, akauza mitumba sokoni, na tarehe 8 Agosti 2009 akafunga ndoa na kaka yangu Boaz, wakajaliwa watoto wawili, Risper na Duke, ambao mnawaona wamekaa karibu na jeneza.

Mwezi wa Mei 2016 shimo la dhahabu lilimwangukia Boaz hapa Macalder, akakatwa mguu wa kushoto, na mwaka uliofuata shirika la Tembea Tena likampa wa bandia, ndipo Milka akavaa koti lao la rangi ya machungwa, akashika mkebe wa michango, na kwa miaka minane akasimama barabarani Migori na Homa Bay akiwaombea wengine miguu. Mmekuwa mkiuliza alitoa wapi nguvu. Kila asubuhi alimwomba Boaz atembee kutoka mlangoni hadi kwenye lango na kurudi, akamtazama tu, kisha akaenda kazini.

Alizihitaji nguvu hizo kwa sababu yenu. Mlimwita ombaomba, mlimwita tapeli, mlijifanya mnaongea na simu isiyo na mtu, mlivuka barabara mkamwachia salamu yake mdomoni, naye akamwambia asante aliyetoa na aliyenyima. Mimi singeweza, nasema wazi.

Mwaka 2023 daktari alimwambia moyo wake umechoka, apumzike, lakini hakupumzika, na Januari mwaka huu akamwahidi Joyline, msichana wa miaka tisa kutoka Magunga aliyekatwa mguu baada ya kuumwa na nyoka, kwamba atarudi shule akitembea. Alhamisi tarehe 5 Juni 2025 Milka alianguka karibu na stendi ya Homa Bay, mkebe mkononi, na kwa saa nzima watu walimruka wakisema hiyo ni mbinu mpya ya kuomba. Saa nzima! Abdinasir, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ndiye aliyeacha duka wazi akamkimbiza hospitali, ambako alifariki Jumanne tarehe 10, akiwa na miaka 41.

Sasa kifo kimewafungua mifuko. Kundi la WhatsApp la mazishi lilijaa michango, mkachapisha fulana zenye sura yake, mkadai mafahali wawili na muziki. Basi nyinyi mnaochungulia nyuma ya nyumba kutafuta moshi, msijisumbue, leo hakuna sufuria motoni, Boaz amechukua pesa ya nyama akalipia mguu uliokuwa umepimwa tangu Aprili, na mwenye mguu huo ni yule msichana wa sare ya kijani aliyeingia hapa akitembea wakati mlikuwa mnagombania viti. Joyline, simama wakuone.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Abdinasir, wenzake Milka wa Tembea Tena, na majirani waliolala nasi siku zote hizi, na nyinyi wengine pia tunawaambia asante, kwa sababu yeye angewaambia. Umesimama vya kutosha, shemeji, sasa kaa chini, upumzike kwa amani.