Lizimeni Jitu Nikiwa Hai

Sogeeni, wanangu, msinikalie mbali kama watu waliokuja kuomba kazi, na hizo nyuso za msiba ziacheni mlangoni kwanza, maana mwenye msiba bado anaongea. Daktari amesema yake, nikamwitikia kwa adabu, akaenda zake. Sasa nasema yangu. Nimeishi nikashiba. Nimezaa, nimelea, nimejenga kiwanda cha mpira na baba yenu, nimewavalisha soli zetu watu nisiowajua, na hadi leo nikikutana na mtoto njiani naangalia viatu kabla ya uso. Kwa hiyo asinililie mtu. Nimewaita kwa jambo moja, nalo ni hilo mnalogombania nyuma ya ukuta mkidhani nimelala.

Nimesikia yote. Wewe, kifungua mimba wangu, umefunga chumba cha umeme, ufunguo umeutia mfukoni, ukaapa kwamba Jitu, mashine kuukuu ya baba yenu, halizimwi mama akiwa anapumua. Na wewe, kitinda mimba, fundi wangu, mashine mpya ya kuchanganyia mpira umeshaifunga mpaka nati ya mwisho, umeifunika shuka jeupe hadi wafanyakazi wanaiita Bi Harusi, lakini huwezi kuiwasha kwa sababu umeme wetu hautoshi kuendesha zote mbili. Basi mmenuniana. Mmoja analia stoo, mwingine anabamiza milango, watu wazima wenye watoto wenu.

Mwanangu mkubwa, najua kinachokuuma. Unaona Jitu likizimwa ndiyo baba yako amezikwa upya. Alilinunua mwenyewe likiwa kuukuu, akalipa jina mwenyewe, zile rola mbili za chuma zinazozunguka zikitazamana, zikiukanda mpira na masizi na unga wa kiberiti mpaka ulainike. Na mimi ulikuwa ukiniona kila asubuhi, kabla wafanyakazi hawajaingia, nimeshika kitambaa, nalifuta, naliwasha, nalizima, nalizunguka tena. Ukaenda kuwahadithia hata wakwe zako kwamba mama analipenda lile dude kama mtoto wake. Niliposikia hayo nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mwanangu, sijawahi kulipenda hata siku moja. Nilikuwa nakwenda kuijaribu ile kamba ya breki inayopita juu ya rola, nione kama inashika. Kitambaa kilikuwa kisingizio tu, msiniulize.

Mlikuwa wadogo, hamwezi kukumbuka. Siku hiyo walikuja wanunuzi wakubwa, baba yenu akavaa shati jipya la mikono mirefu, na kwa vile alipenda kujionyesha, na hilo mmelirithi wote wawili, akamsukuma pembeni Mikasi, mfanyakazi wetu wa kwenye rola, ili awaonyeshe wageni mpira unavyolishwa kwenye rola. Jitu likamkamata mkono wa shati. Aliiwahi kamba kwa mkono wa pili, lakini Jitu halisimami unapotaka wewe, linasimama likipenda, na lilipenda baada ya kulitafuna shati zima. Alibaki na fulana na kola shingoni. Akawageukia wageni, akawaambia, "Mnaona? Linakula chochote." Wakacheka, wakaagiza mzigo. Kisha akatembea barabarani hadi nyumbani na kola yake, anasalimia kila mtu, anawaambia joto limezidi. Alipoingia chumba hiki hiki alishindwa kushika kikombe cha chai. Nilimshikia mimi, akanywa, tukatazamana, tukaanza kucheka, tukacheka mpaka tukalia.

Kuanzia hapo nilichukua mkasi nikakata mikono ya mashati yote, yake na ya wafanyakazi wote. Nyinyi mkadhani baba yenu ni mtanashati, anapenda mikono mifupi. Hata kwenye harusi yako, mwanangu, alikataa koti, ukanuna hadi keki ikakatwa. Mwili ulikuwa umejifunza, hakuweza. Na maneno aliyoniambia siku ile, kola ikiwa bado shingoni, ndiyo haya: "Mke wangu, siku moja tutapata mashine ambayo mtu haingizi mkono." Hakuipata. Mdogo wako ameipata, na neno hilo hakuwahi kulisikia. Sasa niambie, kati yenu nani anamuenzi baba yenu, anayelinda chuma au anayelinda mikono ya watu?

Usiinamishe kichwa. Nakupenda, una kichwa kigumu kama changu.

Haya, shikeni mgawo. Kiwanda ni chenu nusu kwa nusu, na nyumba hii vilevile. Kitinda mimba asimamie mashine. Wewe kaka mtu usimamie wateja, maana kwa ulimi wako unaweza kumuuzia samaki maji. Jitu nakuachia wewe peke yako. Lisogeze uani, lipake rangi, panda maua juu yake, ukizungumza na baba yako hapo sitakucheka, ila lisiunganishwe na umeme tena. Na asimwage unga mtu hata mmoja, asipoteze kazi yake, kwa ajili ya Bi Harusi. Mikasi amekata mpira kwenye rola tangu ana nywele, leo hana, na nasikia vitufe vya mashine mpya anavigusa kama anayepima chungu cha moto. Mfundisheni pole pole. Mcheke naye, msimcheke yeye.

Kuna ugomvi wangu na fundi cherehani wa jirani. Amenilalamikia miaka nenda rudi kwamba masizi yetu yanamchafulia nguo nyeupe, nami nikambishia miaka nenda rudi. Bi Harusi anachanganya ndani kwa ndani, vumbi halitoki. Mwambieni aanike anachotaka. Mwambieni nimemsamehe, na akiuliza nimemsamehe nini, wakati haki ilikuwa yake, mpeni kazi. Awashonee wafanyakazi sare mpya, mikono mirefu, hadi kwenye vifundo. Asubuhi za baridi wametetemeka vya kutosha kwa ajili yangu. Na siku ya kunizika wote wazivae.

Nipe maji kidogo. Asante.

Sasa ufunguo. Toa. Usiuweke kitandani, mpe mdogo wako mkononi. Hivyo. Mkumbatie basi, unaona haya gani? Haya, nendeni wote wawili, mkalizime pamoja, na mkono utakaozima uwe wako wewe mkubwa. Nikingoja kesho nitakuwa naringia kitu nisichokuwa nacho. Mkamwana, nifungulie dirisha. Wewe kaa hapa nami.

Unalisikia? Linakoroma. Linashuka. Baba watoto, sikiliza, linashuka.

Limenyamaza.

Mbona huyo Bi Harusi hajaanza? Unasema anafanya kazi? Tangu saa ile? Hiyo ndiyo sauti yake, hiyo kama mtu anayesaga karanga chumba cha pili? Jamani. Na mimi nimeishi humu nikipiga kelele. Baba yenu nilimwambia nampenda kwa kupaza sauti, mtaa mzima ukajua. Sasa sauti imeniisha, na ona, unanisikia vizuri tu.

Mmerudi. Mnahema kama watoto. Umelia, mwanangu? Lia tu, hiyo ni furaha, nami ninayo, imenijaa mpaka hapa. Kaeni. Sitasema mengi. Mpendane. Mungu awape kazi isiyowala. Awape kicheko cha baba yenu. Asiwatenganishe.

Leteni mikono. Yote. Sioni sawasawa, nitapapasa. Huyu... na huyu. Vidole vyote vipo.

Haya, rudini kazini.